Pinyanona ya Doña Obdulia

Ukitaka kumjua Doña Obdulia Morgado usimtazame usoni, tazama baraza lake. Huko Coatepec, mji wa milimani ambako manyunyu hayaishi na hata kuta huota kuvu, kila mwanamke ana vyungu vya maua, lakini vya Obdulia vilikuwa vimeziba mpaka njia ya kwenda chooni. Marehemu mumewe alipita hapo ubavuubavu, na watu husema aliiomba radhi mimea mara nyingi kuliko alivyomwomba mkewe.

Mimea iitwayo masikio ya tembo aliiweka chini ya mchirizi wa paa, kwa kuwa hiyo, alisema, ina kiu ya walevi. Anthurio zenye majani ya mahameli alizificha kivulini na kuzisemesha kwa upole, maana zina roho nyepesi. Kila Jumamosi aliyafuta majani yote kwa kitambaa kilicholowa bia ili yang'ae, na bia iliyobaki chupani hakuna aliyeiona ikimwagwa.

Lakini malkia wa baraza ilikuwa pinyanona, yenye majani mapana kama ungo, yaliyotobokatoboka katikati na kuchanika pembeni. Mama yake alimletea siku alipoolewa. Tangu mama afariki, Obdulia alikuwa akiiamkia kila asubuhi: "Umelalaje, mama?"

Sasa, watu wa huko wanaamini kwamba kipande cha mmea ukikiomba kitanyauka, ukikiiba kitashika. Kwa hiyo mabibi wa heshima, rozari mkononi, huingia nyumba za wenzao na kisu cha jikoni ndani ya pochi, na mwenye nyumba hujifanya anatazama kwingine. Obdulia hakuwahi kuweza kutazama kwingine. Alilinda majani yake kama polisi wa forodha, na katika mtaa mzima ni mtu mmoja tu aliyefaulu kumwibia pinyanona: jirani yake Fidelia, komadre wake, aliyemsimamia mwanawe kwenye ubatizo. Obdulia alimkuta akitoka na kipande chini ya shali, akamwita mwizi mbele ya akina mama wa kanisa.

"Ulitaka nikiombe?" Fidelia alimjibu. "Kingeshika hicho?"

Ikapita miaka kumi na mmoja bila kusemeshana, ingawa ukuta wao ni mmoja na kila mmoja aliujua mchuzi wa mwenzake kwa harufu.

Kisha mwana wa Obdulia akamletea kutoka Puebla chungu cha kauri, cha rangi ya buluu na nyeupe, kizuri ajabu. Obdulia akaihamishia pinyanona humo. Chungu hakikuwa na kitundu hata kimoja cha kutolea maji, na yeye ndiye aliyeifundisha nusu ya mtaa kwamba pinyanona haipendi kusimama majini. Lakini kutoboa zawadi ya mwanawe? Thubutu. Majani yalipogeuka manjano alisema ni jicho la husuda, akafunga utepe mwekundu kwenye shina. Yalipozidi, akaongeza maji. Siku aliyoligusa shina, kidole kilizama. Uozo ulikuwa umepanda mpaka juu, hakuna cha kukata wala cha kuokoa. Akaketi sakafuni akalia, maana aliona amemzika mama yake mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake mwenyewe.

Mmea mwingine wa damu ile ulikuwa mmoja tu, upande wa pili wa ukuta.

Jumapili, kengele za misa zilipolia, Obdulia alisubiri kidogo kisha akaingia kwa Fidelia kupitia lango la nyuma. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, na hajawahi kuiba hata chumvi. Pinyanona ya Fidelia ilikuwa imeukwea mchungwa, majani yake makubwa kuliko yalivyopata kuwa yale ya kwake, na hilo lilimuuma. Akakata jani moja haraka haraka, akalificha chini ya aproni, likatokeza pande zote mbili.

"Komadre."

Sauti ilitoka dirisha la jikoni. Goti la Fidelia lilikuwa limemzuia kwenda misa.

"Mimi napita tu," alisema Obdulia.

"Na jani langu unapita nalo. Tena umekata jani tupu, halina kifundo cha kutoa mizizi. Utaliweka majini likae mwezi mzima linakuchekea, halafu life."

Obdulia alitaka kujibu kwa kiburi, kiburi kikakataa kuja. "Ya mama imekufa, Fidelia. Nimeiua mimi, kwa maji."

Fidelia alikuwa na kicheko cha miaka kumi na mmoja alichokiweka akiba, na hakukitoa.

"Nikikupa haitashika," alisema. "Rudi pale. Tafuta kifundo chenye mzizi wa hewani, ukate chini yake. Mimi naosha vyombo, sioni kitu."

Akageuka, akampa mgongo. Obdulia akarudi kwenye mchungwa, lakini macho yalikuwa yamejaa machozi na kifundo hakionekani.

"Umemaliza?"

"Bado, komadre."

"Mwizi gani wewe? Mimi kwako sikuchukua hata dakika."

Obdulia akacheka huku analia, ikabidi akae kwanza kwenye jiwe, kisu mapajani. Fidelia hakugeuka. Aliendelea kuosha sahani ile ile moja mpaka mwenzake alipopata nguvu ya kukata.