Baklawa ya Bi Rukia

Nakumbuka siku moja kule Mambrui, miaka ya themanini, nilivyojikwaa ulimi mbele ya sinia la baklawa. Mwanangu, wewe waila tu, ukalamba na shira vidoleni. Mimi nilitaka kujua hata jina lake limetoka wapi, na hilo si kosa. Kosa lilikuja baadaye.

Zilikuwa zimebaki siku nne niolewe. Jirani yetu Bi Rukia ndiye pekee mtaani aliyejua kuitengeneza: manda nyembamba za unga wa ngano tabaka juu ya tabaka, samli kila tabaka, na katikati korosho za Magarini, maana lozi zilikuwa ghali. Aliahidi kunifundisha, ili sinia la kupeleka ukweni litoke mkononi mwangu.

Siku hiyo alituletea ya kuwakirimu wakwe waliokuja kututazama. Mama mkwe akauliza neno baklawa lina maana gani.

"Aliyenifundisha aliniambia ni la Waturuki," akasema Bi Rukia. "Zaidi ya hapo sijui."

Nikadakia. Nilikuwa nimesoma chuo cha Kurani, najua Kiarabu cha kutosha kujidanganya. "Si kweli. Hilo ni la Kiarabu, latokana na baqli, yaani mboga."

Mama mkwe akaitazama baklawa. "Na mboga yenyewe i wapi humu?"

Bi Rukia akavaa buibui lake. "Mwenye elimu amesema," akasema, akaenda zake. Kesho yake hakuja kunifundisha.

Niliingiwa na hofu, mwanangu. Nikamwendea maalim wangu wa chuo, akafungua kamusi yake kuukuu, akacheka. Akaniambia Waarabu nao walilipokea neno hilo, wengi husema kutoka kwa Waturuki. Wapo wanaolihusisha na kufunga na kukunja, wapo wanaokataa. "Wanazuoni hawana yakini," akasema. "Wewe umejuaje?"

Nikaenda kwa Bi Rukia. "Shikamoo. Nilisema nisichokijua, nikakuvunjia heshima mbele ya watu."

"Marahaba." Alikuwa akipaka samli, hakuinua macho. "Sikuondoka kwa ajili ya neno. Ungeniuliza nani alinifundisha, ningekwambia." Kisha akanisogezea kinu cha korosho. "Ponda. Zisiwe unga."

Nikaponda, nikauliza. Akanisimulia mchana kutwa juu ya aliyemfundisha, mama mmoja wa Kiarabu aliyekaa Lamu, na bibi aliyemfundisha mama huyo, kila mmoja kwa jina lake.

Sinia likaenda ukweni. Mama mkwe akaonja, akaniuliza tena maana ya neno.

"Sijui, mama," nikasema. "Lakini aliyenifundisha namjua, na aliyemfundisha yeye pia."

Basi mwanangu, asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Fuatilia asili ya maneno, ni jambo tamu. Lakini usione haya kusema sijui, na mwenye kujua muulize angali hai. Bi Rukia hayupo tena, na mengi sikuwahi kumuuliza, najuta hadi leo. Mola akujaalie elimu yenye adabu, na asikunyime watu wa kuwauliza.