Majibu ya Kaka Yangu

Nilikuwa mwaka wa pili wa kilimo, katika chuo kimoja hapa Uvira, asistanti wetu, mwalimu msaidizi, alipofunga kitabu na kusema kwamba siku hiyo hatutasoma udongo, tutajisoma wenyewe. Wengi, alisema, humaliza chuo ndipo wanaanza kujiuliza walikuwa wanakwenda wapi. Kila mmoja asimame aeleze anachokiweza, kinachomchosha, na kile anachokifanya hata asipotumwa.

Zamu yangu ilipofika sikusita. Nilisema napenda matope ya mpunga. Nilisema nikiufinya udongo kiganjani najua kama una kiu, na kwamba nisipokanyaga shamba nakosa usingizi. Maneno yalitoka yenyewe, kama sala ya utotoni.

Rafiki yangu aliyekaa nyuma akacheka kidogo. "Weye? Kila tukienda Sange kwa mazoezi ya shamba, weye unabaki kivulini na wale mama, unawauliza watoto wao wanaumwa nini. Mu matope hauingii."

Asistanti hakucheka. "Ile yote umetuambia," aliuliza taratibu, "iko ya nani?"

Hapo ndipo nilipoisikia sauti iliyokuwa imesema. Haikuwa yangu. Ilikuwa ya yaya, kaka yangu mkubwa, aliyeanza kilimo katika chuo hichohicho akafa kwa homa kabla ya kumaliza. Hayo yote aliyasema yeye, mezani kwetu Rugenge, mimi mdogo nikimsikiliza. Baada ya mazishi hakuna aliyeniambia nisomee kilimo. Mama alisafisha tu bote zake za mpira, viatu vyake vya shambani, akaziweka kando ya kitanda changu.

"Iko ya yaya wangu," nikajibu. "Alishakufa."



"Basi wiki hii jiangalie weye mwenyewe," asistanti akasema, "kama vile unamwangalia mgeni. Halafu utaniambia umeona nini."

Nilijiangalia, na nikaogopa, maana mahali pengi sikujikuta. Nilikula alichopenda yeye. Nilitembea kwa hatua zake ndefu. Lakini mtoto wa jirani aliposhikwa na homa, mama yake akiwa sokoni, nilimbeba mimi hadi kituo cha afya bila kuombwa. Pale nilimkuta bibi mmoja kutoka Mutarule, anajua Kirundi tu, na muuguzi haelewi anaumwa wapi. Nikakaa kati yao nikitafsiri. Mama wa mtoto alikuja, akamchukua mwanawe, na mimi bado nilikuwa pale, nikiwasemea wengine, wala njaa sikuisikia. Siku hiyo yaya hakuwa nami.

Mama alikuwa anaanika ndagala nilipomwambia nataka kuacha kilimo nikaanze uuguzi, mwaka wa kwanza upya. Aliendelea kuwatandaza samaki wale wadogo.

"Na yeye," akasema mwishowe, "nani atamumalizia chuo?"

Nikainama nikamsaidia kuwatandaza. Majuma yalipita. Kisha asubuhi moja nikakuta amenipigia pasi blauzi nyeupe ya uuguzi, ameitundika mlangoni.

Sasa mimi ni muuguzi. Wagonjwa wa bondeni, kama yule bibi wa Mutarule, huniulizia wakifika. Kazi hii ni yangu, sina shaka nayo. Lakini nikipita barabarani kwenye mashamba ya mpunga hugeuza uso, kwa kuwa kuna mtu amesimama ndani ya maji ananitazama, na sijui kama amekasirika. Mama naye, kadiri anavyozeeka, ameanza kuniita kwa jina la yaya.

Ninaitika.