Fomu Yenye Mstari wa Jinsi

Tangazo lilisomwa kambini Jumatatu asubuhi, kabla hatujapangiwa mistari ya kukata mkonge. Kila mfanyakazi wa shamba atapewa kitambulisho kipya chenye picha. Alete cheti cha kuzaliwa au cha shule, au barua ya balozi wa nyumba kumi wa kwao. Ilikuwa miaka ya foleni za sabuni, na mjini Same mgambo walipita wakikamata watu wasio na kazi. Asiye na karatasi alipakiwa kwenye lori. Wenzangu walikifurahia kitambulisho. Mimi nilikiogopa.

Nilizaliwa Usangi, nikaitwa msichana na kusomeshwa kama msichana hadi darasa la saba. Mwenyewe nilijijua mwanamume tangu sijajua kuandika. Nilipomaliza shule nilinyoa nywele, nikavaa suruali ya marehemu baba, nikateremka hadi lile shamba, ambako watu walitoka kila pembe ya nchi na hakuna aliyejua ukoo wa mwenzake. Nilitoa jina la kiume, nikaandikwa. Cheti changu cha shule, chenye jina la kike, nilikificha chini ya godoro. Kukichoma sikuthubutu. Hakukuwa na karatasi nyingine iliyosema kwamba nipo.

Basi niliomba ruhusa ya siku mbili, nikapanda kwetu. Balozi alikuwa mzee jirani, aliyenijua tangu nikibebwa mgongoni. Nilimkuta anapalilia migomba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. Habari zangu alikuwa amezisikia, ila hakuwahi kuniona hivyo. "Mama yako anasema uko mkongeni."

"Ndiyo. Wanataka barua yako."

Tuliingia ndani, akavaa miwani na kuchukua kalamu. "Niandike jina gani?"

Nilimtajia ninaloitwa shambani. Akaiweka kalamu chini.

"Hilo silo nililolisikia siku ya akika yako."

"Najua, baba."

"Na serikali ikiniuliza?"

Alivua miwani akaifuta, nikadhani amenikatalia. Kisha akaandika, akaikunja karatasi, akaifunga bahasha na kutia sahihi juu ya kifuniko. "Usiifungue. Wakiona imechanika hawataipokea."

Njia nzima ya kuteremka Mwanga niliwaza kitu kimoja: kama ameandika ukweli, najipeleka mwenyewe. Mara mbili nilikaa juu ya jiwe nikaiinua bahasha kwenye jua. Niliona mistari, haisomeki. Nikaanza kumshuku hata mama. Kwa nini asubuhi ya kuondoka kwangu alikuwa akinong'ona na mke wa balozi, na kwa nini walinyamaza nilipotokea?

Karani wa shamba aliifungua bahasha mbele yangu, akaisoma, akairudia.

"Anasema wewe ni mtoto wa jirani yake, anakufahamu tangu kuzaliwa, una tabia njema," alisema. "Jina ametaja la baba yako tu. Mtoto wa kiume au wa kike, hasemi."

"Labda alisahau."

"Fomu ina mstari wa jinsi."

"Andika unavyoona," nilisema.

Alinitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akaandika ME. Lakini barua hakunirudishia. Aliitia kwenye faili, na pembeni ya jina langu akaweka alama ndogo ya penseli. Nilitafuta alama kama hiyo kwenye fomu zilizokuwa mezani. Sikuona nyingine.

Tangu siku hiyo makarani wakicheka nilijua wananicheka mimi. Wiki chache baadaye nikakuta cheti changu kimehamishwa, kutoka upande wa ukutani hadi upande wa mlangoni. Chumba tulikaa wawili, mimi na mkata mkonge mmoja wa Kigoma, mtu wa maneno machache. Sikumuuliza. Nilianza kutembea na cheti ndani ya shati, nikaacha kumwekea chai, nikawa nahesabu anaongea na nani.

"Nimekukosea nini?" aliniuliza siku moja.

"Hujanikosea."

Tuliishi hivyo miaka minne.

Kisha shamba likauzwa kwa mtu binafsi. Wafanyakazi walipunguzwa, na ofisi ikasafishwa kwa ajili ya wageni. Mafaili yalitolewa nje, yakalundikwa barazani, na watu waliosubiri stahili zao wakawa wanayafungua na kusomeana. Nilikwenda mbio. Faili langu lilikuwa chini kabisa, barua imo ndani. Nilipokuwa naiingiza mfukoni niliinua macho, nikamwona mwenzangu wa chumbani. Alikuwa mmoja wa waliopewa kazi ya kubeba mafaili.

"Ichukue," alisema. "Nililiweka chini makusudi."

Niliisukuma barua mfukoni. "Unajua nini wewe?"

"Nilikiona cheti chako. Paa lilikuwa linavuja ukutani, nikakihamisha kisilowe."

"Ukamwambia nani?"

"Nimwambie nani, na kwa nini?"

Yeye alikuwa kati ya waliopunguzwa. Keshoye nilimbebea sanduku hadi stesheni ya Same. Mimi nilikuwa nimeshaamua kuacha kazi na kwenda kuuza mitumba sokoni, ambako mteja hutazama shati, hamtazami anayeuza. Njiani nilikuwa na maneno ya kumwomba radhi, nimeyapanga. Treni ilipoingia nikamwuliza tena kama kweli hakumwambia mtu.

"Hapana," alijibu, akanipokea sanduku lake.

Alipanda, akaenda kukaa dirisha la upande wa pili, asikoweza kuniona.