Udi wa Nyumba ya Mjane

Mwaka ule baada ya mvua za Elnino, barabara ilipoanza tena kupitika, mwenzangu aliniambia, "Safari hii twende sote Mombasa. Ijumaa hadi Jumapili tu. Kuna nyumba nataka uione."

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja Garsen, nyuma ya soko. Yeye, mtu wa Kipini, aliuza vitambaa. Mimi, Mpokomo wa Golbanti, nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza hiyo hiyo. Watu walituona mashoga kama wanawake wowote wawili wanaoitana shoga, wakidhani tunagawana kodi tu. Tuligawana na mto wa kulalia pia, lakini hayo hatukumwambia mtu. Pale barazani nilikuwa nikimpa chai bila kumtazama usoni, maana macho yangu hayajui kusema uongo.

"Nyumba ya nani?" nikamuuliza.

"Ya mjane mmoja, Mji wa Kale. Wanawake kama sisi wakifika pale hawaulizwi kitu."

Sikujua kama kuna mahali kama hapo duniani. Nikajishonea gauni jipya, nikanunua chupa mbili za samli kwa mama wa Kiorma, maana mtu haendi kwa watu mikono mitupu. Ijumaa basi letu likangojana na mengine, askari wenye bunduki wakatusindikiza hadi Malindi, kama ilivyokuwa siku zile. Njia nzima mimi nacheka peke yangu kama mwehu.

Mlango tulifunguliwa na mjane mwenyewe. Alikuwa ametuzidi umri, mnene wa kupendeza, hina mbichi mikononi. Akamwambia mwenzangu, "Mwali wangu, leo umeniletea mgeni!" Akanikumbatia na samli yangu.

Ghorofani walikaa wanawake kwenye mikeka, wanakunywa kahawa na kuchekana. Mmoja alikuwa amemlalia mwenzake pajani, mchana kweupe, dirisha wazi. Mwenzangu akaketi, akanishika mkono. Mbele ya watu! Machozi yakanitoka, sikuyaonea haya.

Kisha mjane akaingia na chetezo, moshi wa udi ukajaa chumbani, nami nikanusa harufu ya mto wangu wa kulalia kule Garsen.

Sikukosea. Kila mwenzangu alipokwenda Mombasa kununua vitambaa, alirudi buibui lake linanukia hivyo. Aliniambia ni udi wa dukani, ati mwenye duka hufukiza kila asubuhi. Mimi mjinga niliipenda harufu ile. Akisafiri tena, nilikuwa nikiuzika uso kwenye mto aliolalia hadi arudi.

Nikamuuliza dada aliyekuwa karibu nami, "Udi huu unauzwa wapi?"

Akacheka. "Huu hauuzwi! Anaupika mwenyewe, na vilivyomo hamwambii mtu. Mombasa kila nyumba na udi wake, shoga. Ukiunusa kwenye nguo ya mtu, unajua alikotoka."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Tangu hapo nikawa namtazama mwenzangu. Akainuka kwenda jikoni, akarudi na vikombe bila kuuliza vinawekwa wapi. Ngazi moja ilikuwa mbovu, akairuka bila kutazama chini. Roho iliniuma.

Tulipopewa chumba, nikafunga mlango. "Umelala humu mara ngapi?"

Hakujifanya haelewi. "Alikuwa wangu kabla yako."

"Na baada yangu?"

"Baada yako nalala chumba hiki, peke yangu, wallahi. Nifikie wapi pengine?"

"Mbona ukaniambia udi wa dukani?"

"Kwa sababu nakujua! Nilitaka uipende nyumba kwanza."

Thubutu! Jumamosi nzima nilinuna. Wenzangu waliimba, wakapakana hina, wakavalishana vikuku. Mjane akanichagulia minofu ya samaki, akanirundikia kwenye sahani, "Kula, mgeni, umekonda kwa safari." Laiti angekuwa na kiburi ningepumua. Ule wema wake ndio ulionikwama kooni. Nilimwangalia yule mama na mikono yake laini, nikatazama yangu iliyotobolewa na sindano, nikamchukia.

Jumapili tukaaga. Pale mgeni haondoki bila kufukizwa: mjane aliweka chetezo sakafuni, kila anayetoka akasimama juu yake na kutandaza nguo moshi uingie. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Mimi moshi unanikohoza."

Kukataa udi wa mwenye nyumba ni sawa na kutema chakula chake. Mjane hakukasirika, akamgeukia mwenzangu tu. "Nawe, mwali?"

Mwenzangu akanitazama. Nikamtolea jicho: hebu simama hapo uone. Akasimama. Akatandaza buibui lake juu ya chetezo, akafumba macho, moshi ukampanda hadi shingoni.

Njia nzima hadi Garsen nilimgeuzia kisogo. Mama mmoja aliyeketi nyuma yetu basini akasema, "Mashallah, dada ananukia huyu!" Nusura nimrukie.

Tulipofika nyumbani, mwenzangu hakuingia ndani. Alivua viatu, akasimama uani kando ya pipa la maji, akachukua kata na kipande cha sabuni.

"Ningemkataaje mbele ya watu wake?" akasema. "Hiyo ndiyo nyumba pekee tuliyo nayo sisi. Ukiifunga wewe kwa wivu wako, nitakushika wapi mkono? Hapa barazani?"

Akajimwagia maji na buibui lake mwilini. "Udi umetoka?"

Nikamnusa shingoni. "Bado."

Akajisugua sabuni, akajimwagia tena. "Sasa?"

"Bado."

Udi ulikuwa umetoka zamani. Alinukia nguo mbichi na sabuni ya kufulia, lakini nilitaka kumwona akiendelea. Nikasema bado, na bado, mpaka kata ikakwaruza kitako cha pipa, yakaisha maji niliyoyachota mwenyewe mtoni. Alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, wala hakulalamika.

"Umetoka," nikasema.

Nikaingia ndani kumtafutia kanga kavu. Mto ulikuwa kitandani, ulivyoachwa Ijumaa, na harufu ya yule mjane ikanipokea mlangoni. Nikaukamata niutupe nje. Badala yake nikausukuma mlango kwa mguu, nikauzika uso kwenye mto ule, nikavuta pumzi mpaka kifua kikajaa, huku mwenzangu akiniita uani, "Shoga, kanga! Nakufa kwa baridi!"