Hatua Nane za Rula

Baba mkubwa anaitwa Rula. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watu wa uwanja wa farasi anakofanya kazi, kwa sababu hatua yake moja ilikuwa futi tatu kamili, haipungui wala haizidi. Waashi waliokuja kujenga choo cha wafanyakazi walisahau kamba yao ya kupimia, wakamwomba autembee msingi. Akautembea, wakachimba. Choo kipo mpaka leo na kimenyooka.

Ni mtu mrefu, mkavu, asiyependa maneno kabla ya chai. Mama mkubwa ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ni chake, na tepu yake ya kupimia haitoki shingoni ila anapooga. Mimi naishi nao tangu nilipoacha shule darasa la nne. Nakunja pindo na kushona vifungo.

Kazi ya Rula ni kufundisha farasi wapya wa shule ya kupanda farasi. Yeye mwenyewe hapandi. Anasimama katikati ya uwanja wa mchanga, mikono nyuma, na mbele yake ardhini kuna fito zimelazwa kama ngazi iliyoangushwa. Farasi anapita juu yake kwa mwendo wa kawaida, kisha kwa mchakamchaka, kila kwato itue kwenye nafasi yake bila kugusa mti.

"Farasi mpya hajui kama ana miguu ya nyuma," aliniambia siku moja. "Ya mbele anaiona. Ya nyuma inamfuata tu kama wageni."

Fito zikishazoeleka ndipo vinakuja viunzi. Kiunzi ni ufito ule ule, ila umepandishwa juu ya vigingi viwili, urefu wa goti la mtu. Vinawekwa viwili, kimoja mbele ya kingine, na kati yake Rula anahesabu hatua nane. Mbili za farasi kutua, nne za kupiga mbio mruko mmoja, mbili za kujiandaa kuruka tena. Anazihesabu kwa midomo, bila sauti. Wakati huo hakuna anayesema naye. Hata Madamu, mwenye shule, hungoja. Saisi, mtunza farasi ambaye pia ndiye anayewapanda wakati wa mafunzo, aliwahi kumtajia namba za uongo ili amchanganye. Rula alirudi mwanzo, akahesabu upya, na Saisi akazoa samadi peke yake wiki nzima.

Mwaka jana alivunjika mguu. Mtu aliyekaa na farasi miaka thelathini, akakanyagwa, akang'atwa, akasukumwa ukutani, alianguka kutoka kwenye stuli akimtundikia mkewe pazia. Ufito wa pazia ulishuka naye.

"Farasi wote wamemshindwa," Saisi alisema alipokuja kumwona hospitali, "pazia limemweza."

Alikaa na plasta miezi mitatu. Ilipoondolewa, mguu wa kushoto ulikuwa umeunga, lakini suruali upande huo ikawa inaburura chini, anaikanyaga kwa kisigino. Mama mkubwa alimwambia aivue aipunguze. Alikataa.

"Suruali haina kosa."

"Suruali haina kosa, ndiyo. Nimesema ina kosa?"

"Basi iache."

Akawa anaikunja mwenyewe kila asubuhi, na ikawa inakunjuka kabla hajafika getini.

Farasi jike mpya aliletwa miezi miwili baada ya hapo. Rula ndiye aliyemchagua. Alimkuta barabarani akivuta mkokoteni wa matofali, akamwona anavuka mtaro mpana na mzigo nyuma yake bila kugusa ukingo. Siku hiyo hiyo alikwenda kumwambia Madamu, na Madamu akamnunua kwa neno la Rula tu. Ni mrefu wa miguu, kifuani ana alama mbili za mikanda ambazo manyoya hayakuota tena. Saisi alimpa jina la Mkwe, kwa sababu, alisema, huyu hafikiwi ila kwa heshima na kwa mbali.

Kwenye fito za kutembea Mkwe hakuwa na shida. Shida ilianza kwenye viunzi viwili. Cha kwanza alikiruka vizuri, akatua, akapiga mruko wake, na hapo hapo kiunzi cha pili kilikuwa kifuani kwake. Akakigonga. Akakigonga tena. Wiki ya pili alichubuka magoti. Wiki ya tatu akaanza kusimama ghafla, masikio nyuma, Saisi akaruka peke yake bila farasi.

Farasi wengine kumi walipita hapo hapo, kwa nafasi ile ile, bila kugusa kitu.

Madamu alikuja Jumatatu akasimama kwenye uzio.

"Rula, hii wiki ya ngapi?"

"Ya nne."

"Na bado anagonga."

"Anagonga."

"Wenzake hawagongi."

"Hawagongi," alikubali.

"Nitakuja Jumamosi. Akigonga tena, lori litakuwepo hapa. Arudi kwenye matofali yake. Siwezi kumpandisha mtoto wa watu juu ya farasi asiyeona mbele."

Rula akarudi kwenye fito zake. Jioni hiyo nyumbani hakufungua redio. Mama mkubwa alipomuuliza alisema neno moja tu.

"Aliuvuka ule mtaro."

Siku ya Alhamisi alisahau vidonge vyake vya maumivu ya mguu mezani. Mama mkubwa alifunga cherehani, tukaenda kumpelekea. Katika miaka yote ya ndoa yao alikuwa hajaenda uwanjani zaidi ya mara tatu. Anasema farasi wanamtazama kama wanaomdai nguo.

Tulimkuta ndiyo kwanza anaanza kuhesabu. Mchanga ulikuwa umetoka kupigwa reki, laini, hauna alama hata moja. Saisi alitusalimu kwa kunong'ona.

"Shikamoo mama. Usimsemeshe, yumo kwenye nane."

"Marahaba. Simsemeshi."

Akaketi juu ya pipa lililofunikwa, akatazama. Rula aliondoka kwenye kiunzi cha kwanza, moja, mbili, tatu, suruali inaburura, mpaka nane. Akageuka, akamwambia Saisi asogeze kiunzi cha pili nyuma ya kisigino chake. Nyuma yake nyayo zilibaki kwenye mchanga, safi, kama zilizokatwa kwa mkasi.

Mama mkubwa alishuka kwenye pipa. Aliingia uwanjani na kandambili zake, akavua tepu shingoni, akachuchumaa.

"Unafanya nini?" Rula akauliza.

"Napima."

"Unapima nini?"

"Nyayo. Kaa kimya, nitapoteza hesabu."

Saisi akageuza uso kule, mabega yanatikisika.

Alipima kisigino kwa kisigino, kutoka kwenye kiunzi cha kwanza mpaka unyayo wa nane, akitaja kwa sauti kama anavyomtajia mteja. Thelathini na tatu. Ishirini na tisa. Thelathini na tatu. Ishirini na tisa. Hakukuwa na thelathini na sita hata moja. Akasimama, akajishika kiuno.

"Futi tatu ni inchi ngapi, mzee?"

Rula akazitazama nyayo.

"Thelathini na sita," mama mkubwa akajijibu. "Kwa nane, ni inchi mia mbili themanini na nane. Hapa nina mia mbili arobaini na nane. Zimepungua arobaini. Arobaini ni suruali nzima ya mtu mrefu, kiunoni mpaka kisiginoni. Unampunja huyu farasi suruali nzima."

"Tepu yako imevutika."

"Imevutika?"

"Tepu za nguo zinavutika. Wewe mwenyewe unasema kila siku."

"Nikisema hivyo huwa nimetupa ya zamani nimenunua mpya. Hii ina wiki mbili." Akaizungusha shingoni. "Na hata kama imevutika, mzee, tepu gani inavutika inchi arobaini?"

Rula alichukua reki mwenyewe, akafuta nyayo zote nane, polepole, mpaka mchanga ukawa kama hajapita mtu. Kisha akasema Mkwe arudishwe bandani. Siku hiyo hakufanyishwa kazi.

Ijumaa alirudi mapema akiwa na tepu ya chuma aliyoazima kwa fundi seremala. Akailaza mezani sambamba na tepu ya mama mkubwa, akaziangalia kutoka mwanzo mpaka mwisho, inchi kwa inchi. Mama mkubwa aliendelea kukanyaga cherehani. Hakuinua macho.

"Ule ufito wa pazia uko wapi?"

"Nyuma ya kabati. Ulisema nisiutupe, nisiutundike, nisiuguse."

Alikwenda kuutoa. Ulikuwa na mkunjo kidogo upande mmoja, pale alipouangukia. Akaukata upande ulionyooka, kwa msumeno, inchi thelathini na sita kamili. Akasugua ncha kwa msasa. Usiku wa manane ulikuwa mbali bado alipokwenda kulala.

Jumamosi Madamu alifika kabla ya wanafunzi. Lori lilikuwa limeegeshwa nje ya geti, mlango wa nyuma umeshushwa, dereva anachokonoa meno. Mama mkubwa alikaa kwenye pipa lake. Safari hii hakuwa na cha kuleta.

Rula aliingia uwanjani na ule ufito. Akaulaza chini kwenye kiunzi cha kwanza, akaweka alama kwa kidole, akausogeza, akaweka alama tena. Saisi akashindwa kujizuia.

"Jamani, Rula kaleta rula!"

Hakuna aliyecheka. Madamu alikuwa ameegemea uzio.

"Tangu lini unapima kwa fimbo?"

Rula alimaliza ya nane kwanza. Akasimama kwa kujisukuma na goti lililo zima.

"Tangu jana. Mguu umepungua. Nafasi nilizokuwa nikimwekea huyu farasi zilikuwa fupi kwa futi tatu na zaidi. Alikuwa haoni vibaya. Nilikuwa namkaribishia kiunzi usoni."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja farasi gani amekula na gani hajala. Madamu alimtazama mguu, akaitazama suruali, kisha akatazama kando.

"Haya. Mlete."

Saisi alimleta Mkwe kwa mchakamchaka. Akapita fito tatu za mwanzo, akaruka kiunzi cha kwanza. Nafasi sasa ilikuwa yake, lakini yeye hakujua. Wiki nne alikuwa amejifunza kuogopa pale. Alitua, akajibana, akapiga miruko miwili midogo midogo mahali pa mmoja, na kiunzi cha pili kikaanguka.

Madamu akageuza kichwa kuelekea getini. Dereva wa lori aliacha meno yake.

"Naomba fito tupu kwanza," Rula akasema.

"Rula."

"Naomba fito tupu. Hajui kama pamepanuka. Nani amemwambia?"

Madamu akabaki kwenye uzio. Rula aliushusha ufito wa kiunzi cha pili, akaulaza chini pale pale ulipokuwa. Mkwe akapitishwa kwa kutembea, akaunusa. Akapitishwa tena kwa mchakamchaka. Mara ya tatu aliruka kiunzi cha kwanza, akatua, akanyoosha mruko mmoja mrefu, akauvuka ufito uliolala bila hata kuutazama. Rula akaona. Alikwenda akaupandisha, vigingi vyote viwili, urefu wa goti.

"Usimshike mdomo," alimwambia Saisi. "Mwachie kamba. Funga macho ukitaka."

"Nikifunga macho nani atamwona dereva?"

"Nenda."

Tulisikia kwato tu. Kutua, moja, kuruka. Mchanga ukarushwa mpaka kwenye uzio. Ufito wa pili ulibaki pale pale, hata vumbi lake halikutikisika. Saisi alimrudisha akarudia, na akarudia tena, mpaka Madamu akainua mkono.

"Inatosha. Na hawa kumi? Hawa mbona walikuwa wanapita?"

Rula alikuwa akiwatazama wale farasi wazee, vichwa vyao nje ya mabanda, wakitafuna.

"Hawa wananijua. Nimewapunguzia, wakajipunguza. Wote sasa wana hatua fupi. Inabidi waanze upya, kwenye fito za chini."

"Muda gani?"

"Miezi miwili."

"Anza Jumatatu," Madamu akasema, akaenda zake ofisini.

Dereva wa lori alikuja kuuliza atabeba nini sasa. Saisi alimpakilia samadi, asirudi mikono mitupu.

Jioni Rula alisimama katikati ya chumba cha mbele, kwa suruali yake ya kazi, bila viatu. Mama mkubwa alikuwa amepiga magoti chini na pini mdomoni. Mimi nilishika sahani ya pini.

"Simama wima," akamwambia.

"Nimesimama."

"Wima, nimesema."

"Ndiyo hivi, mama. Zaidi ya hapa hakuna."

Mama mkubwa akatazama juu kidogo, kisha akarudi kwenye pindo. Akakunja mguu wa kushoto inchi moja na robo, akachoma pini.

"Ilete na ile ya kijivu," akasema. "Na ya harusi."