Mikono Miwili ya Oksijeni

Juzi mjukuu wangu aliniuliza valensi ni nini, nami kabla sijafikiri nikanyoosha mikono yote miwili mbele kama mtu anayengoja kupakatishwa mtoto. Alinicheka sana. Acha acheke. Yeye hakulelewa Dagoretti Corner, Nairobi, miaka ya sabini, wala hakuwa na shangazi kama wangu.

Shangazi, dada mdogo wa baba, alikuja kwetu kutoka magharibi mwa nchi, akawa analala nasi watoto nyuma ya pazia. Mchana alilea mtoto wa matajiri kule Lavington, jioni alisoma kemia. Alitaka kuwa muuguzi, na kemia ilikuwa imeshamwangusha mtihani mara moja. Baba alisema ikimwangusha tena, basi, arudi nyumbani aolewe na mwenye kinu cha kusaga unga aliyekuwa akimngoja. Shangazi hakumtaka mtu huyo. Sisi pia hatukumtaka, ingawa hatukuwahi kumwona.

Kwa hivyo tukasoma naye. Maharagwe yakitokota kwenye jiko la makaa, alitupanga uani, kila mtoto na elementi yake. Haidrojeni ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa hivyo wakapewa wadogo zangu wawili, mkono mmoja mbele, mwingine mgongoni. Mimi nilikuwa bonge la msichana, nikawa oksijeni, uzito wa atomi kumi na sita, mikono miwili. Valensi ndiyo hiyo tu: mikono uliyo nayo ya kushikana na wenzako. Wadogo zangu wakishanishika huku na huku, Shangazi alituinamia na kusema polepole, "Sasa nyinyi si nyinyi tena. Nyinyi ni maji."

We acha tu, niliamini kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa kaboni, na kwa kuwa kaboni inataka mikono minne, alitupatia yake miwili pamoja na ncha mbili za leso aliyojifunga. Binti wa jirani, aliyependa kununa, akapewa neoni, isiyoshikana na yeyote, na kazi hiyo aliifanya vizuri mno.

Mama yake binti huyo alipotuona tumeshikana mikono tukinong'ona majina asiyoyajua, alimuuliza mama kwa upole hilo ni kanisa gani, na kama linapokea watu wazima.

Siku matokeo yalipotoka, Shangazi alirudi kutoka mjini kwa miguu, akasimama mlangoni. Mama akaweka mwiko chini. Kisha Shangazi akacheka huku machozi yakimtoka, tukajua amepita. Baba, aliyekuwa akivua viatu, hakuinua kichwa.

"Basi," akasema, "huyo bwana atafute mwingine."

Niliruka kwa furaha. Sikujua kwamba kufaulu ni kuondoka. Wiki iliyofuata alienda chuo cha uuguzi, na pale nyuma ya pazia pakawa papana ghafla, nikapachukia. Siku hizi ule uwanja wetu umejengwa ghorofa, na wadogo zangu kila mmoja yuko upande wake, tunaonana kwenye mazishi. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni jioni ya kwanza bila yeye. Tulitoka uani kama kawaida. Tukashikana mikono, tukangoja tuambiwe sisi ni nini, na hakukuwa na wa kutuambia.