Picha ya Bibi Niliyoibeba Bila Kuifunika

Ilianza Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, na mpaka sasa nikikumbuka natamani kujifunika blanketi usoni, ingawa (nakiri hapa tu) ningeichora tena ile picha vilevile.

Mwalimu wa sanaa alikuwa ametuonyesha picha za wakubwa wa Italia wa miaka mia tano iliyopita, walivyovalia nguo nyeusi kwa sababu rangi nyeusi nzuri ilikuwa ghali, kidole kimetiwa katikati ya kitabu ujue huyu ni msomi umemkatiza, na wengine umri wao umeandikwa pembeni. Nikajiuliza, kwani Bibi yangu amekosa nini? Alijifunza kusoma kwenye ngumbaru, masomo ya watu wazima, akiwa tayari na wajukuu, na leo anasoma Biblia mbele ya kanisa zima. Nikamchora hivyohivyo: gauni jeusi, nyuma giza, kidole kitabuni, na juu, kwa herufi za dhahabu, jina lake na "Miaka 74".

Fundi aliyeitia fremu akataka kuifunga kwa gazeti. Nikakataa. Nilitaka mji wetu wa Voi wote umwone.

Ukamwona. Karibu na soko mzee mmoja akavua kofia, mwenye duka la nguo akazima redio, na mimi (mjinga kabisa) nikadhani wanaheshimu sanaa, nikazidi kuinua kichwa. Kisha jirani yetu wa mtaa wa Kaloleni, Mama Mkamburi, akanishika bega huku analia.

"Pole, Wakesho. Pole sana, mwanangu."

Mimi nikiongeleshwa ghafla ulimi hufungwa. Nikajibu, "Asante."

Asante! Akapanda boda, akanitangulia na habari. Nilipofika nyumbani, wanawake wa kanisa walikuwa wanaingia uani wakiimba, na viti vya plastiki na sukari, simu zimeshapigwa mpaka kwa jamaa zetu Wundanyi, na Bibi ndiyo kwanza anatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Jamani, nani amekufa na mimi sijaambiwa?"

Mama akaiona picha, nyeusi, jina na umri kama zile zinazotangulia jeneza, akaelewa yote. "Wewe! Unamzika mama yangu akiwa hai? Huu ni mkosi, lete tuichome!"

"Hebu ngoja," Bibi akasema, akavaa miwani. "Hiki kidole kinatafuta nini kitabuni?"

"Kinashika ukurasa, Bibi. Ulikuwa unasoma, wakakukatiza."

Akaisogelea picha, akakitazama kile kidole kwa karibu. Kisha akawageukia waombolezaji. "Mmemwona? Huyo ndiye mimi. Msomi. Haichomwi. Na hiyo sukari hairudi, kaeni tunywe chai."

Nimeapa: picha ya mtu sibebi tena bila kuifunika, na nikipewa pole nitauliza kwanza ya nini. Lakini asubuhi yake, jamaa wa Wundanyi ambao hawakupata simu ya pili, ya kusema Bibi yu hai, walipoingia na nyuso za msiba, mimi, ambaye darasani huinama nisiulizwe swali, nilisimama chini ya picha ukutani nikawaeleza gauni, kitabu na umri, mpaka mwisho, na Bibi ameketi mbele yao anaitikia, "Endelea, mwalimu."